Siku Niliyomwita Kibarua

Simu iliita nikiwa nakata vitunguu vya mchana. Mimi nina mgahawa Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, na saa nne asubuhi ndiyo saa yangu mbaya kuliko zote. Maharage yako jikoni, mchele haujachambuliwa, na madereva wameshaanza kuchungulia mlangoni kuuliza kama chakula kimeiva. Alikuwa mdogo wangu, binti wa marehemu baba yangu mdogo. Akaniamkia, akaniuliza habari za miguu yangu, kisha akasema fundi wa makaburi anataka maneno ya kuandika kabla ya Jumamosi. Akanisomea waliyoyaandaa yeye na wanaukoo: "Hapa anakumbukwa askari shujaa wa Vita vya Kagera, aliyeanguka bunduki ikiwa mkononi." Akaniuliza, "Yako sawa, dada? Wewe ndiye uliyemjua. Sisi wengine tumesimuliwa na wewe tu."

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii vizuri, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzima. Nilimsikia mpaka anavyopumua.

Wewe unayenisoma, nikwambie mapema usije ukanipenda bure. Hii si habari ya ushujaa. Ni habari ya aibu yangu, na nimetembea nayo tangu darasa la tano mpaka leo nina wajukuu. Baba mdogo hakuanguka na bunduki mkononi. Hiyo bunduki nilimshikisha mimi, na sasa walikuwa wanataka kuichonga kwenye jiwe.

Kesho yake niliwaachia wasichana jiko, nikapanda gari la Vwawa, na pale Vwawa nikachukua bodaboda kupanda kijijini kwetu, juu huko Mbozi. Njia nzima kichwani yalikuwa mambo mawili tu, nimwambie au nisimwambie. Kijana wa bodaboda alikuwa anapiga soga, mimi namjibu "eeh, eeh" bila kujua anasema nini. Tulipofika kwetu nikamwambia anishushe mbali kidogo na nyumba, niingie kwa miguu.

Ungeona palivyokuwa zamani ungekataa kuwa ni hapo hapo. Shamba la kahawa la bibi limeng'olewa lote, vijana wamepanda maparachichi. Jiko la bibi, lile la udongo lililokuwa limesimama peke yake nyuma ya nyumba, halipo hata alama. Pamejengwa banda la kuku. Nilisimama pale nikatafuta kwa macho mafiga yalikuwa upande gani, nikashindwa, na kuku wakaja kuniangalia.

Mimi nililelewa na bibi. Baba na mama walikuwa wamehamia Ndalambo kufungua shamba la mahindi, na kwa kuwa huko wakati ule shule ilikuwa mbali, wakaniacha kwa bibi nisome. Bibi hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mfupi, mkavu, anavaa khanga mbili na sweta la kiume, na Kiswahili alikijua cha salamu na cha sokoni tu. Mengine yote alisema kwa Kinyiha, na akikugombeza kwa Kinyiha unajua umegombezwa.

Msimu wa kahawa ndio niliokuwa naupenda na kuuchukia. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kule juu ni baridi ya kuuma, ukungu umelala mpaka chini, na wewe mtoto uko kwenye mibuni unachuma kahawa mbivu moja moja, vidole vimekufa ganzi. Ukichuma mbichi bibi anakurushia. Mchana tulikuwa tunamenya kwa mashine ya mkono, mmoja anazungusha, mmoja anamimina maji, na maganda mekundu yanaruka pembeni. Kahawa ikilowekwa siku mbili inatoa harufu kali ya utamu uliochacha, inaingia kwenye nywele, kwenye daftari, kwenye uji. Halafu mnaibeba mtoni kuiosha, halafu vichanjani kuianika. Wakati huo bibi alikuwa anaajiri vibarua wawili watatu wa kuchuma, watu wa kutoka bondeni, wanalala kwenye ghala na kula mwisho. Huyo ndiye kibarua, umkumbuke, kwa sababu neno hilo nitalirudia kwa uchungu.

Baba mdogo alikuja likizo msimu wa kahawa nikiwa darasa la tano. Alikuwa askari, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, masikio makubwa, anacheka kabla hajamaliza kusema. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, ameshakwenda kwao Ndalambo kujifungulia kwa mama yake kama tulivyozoea, kwa hiyo likizo ile tulimpata sisi. Alishuka na begi la kijani na viatu vya jeshi, bibi akamwagia unga miguuni na kumwombea, majirani wakaja, kuku akachinjwa. Na hapo hapo, siku ya kwanza, kabla viatu havijakauka, akaingia jikoni akamwondoa bibi kwenye kigoda akamwambia, "Mama, pumzika. Leo napika mimi."

Kwetu mwanamume hakuwa anashika mwiko mama yake akiwa hai na mzima. Bibi alisimama mlangoni. Kisha akasema kwa Kinyiha, "Ndicho walichokufundisha huko?" Naye akajibu akiwa amepiga magoti anapuliza moto, "Ndicho, mama. Kuna waliofundishwa kupiga, mimi nimefundishwa kupika. Nawapikia mia mbili kwa siku."

Na alikuwa anajua, nisimnyime haki yake. Mimi leo nina miaka zaidi ya thelathini jikoni, nimewalisha Wazambia, Wakongo, Wasomali, madereva waliozoea kula mahali popote kutoka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi, na wanarudi kwangu. Wanaingia nawaambia "mwaiseni," ndiyo karibuni ya Kibemba, wanakaa, wanaagiza maharage kabla hawajauliza kuna nini kingine. Maharage hayo ni ya baba mdogo. Aliyamwaga maji ya kwanza. Aliyatoa kabla hayajapasuka. Kitunguu alikikaanga pembeni mpaka kiwe cha kahawia, na karanga zilizotwangwa alizitia mwishoni kabisa, chungu kikiwa kimeshaondolewa motoni, halafu anafunika na jani la mgomba na kuwakataza wote kugusa. Alikuwa akisema chakula nacho kinatoka safari, kiacheni kipumzike. Mimi nilikaa pembeni yake jioni zote za wiki mbili zile. Alinionjesha mchuzi kwenye kiganja na kuniuliza, "Imekosa nini?" Nikisema chumvi, ananiambia niitie mwenyewe. Hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa ananiuliza mimi chochote.

Kwa hiyo usidhani sikumpenda. Nilimpenda. Shida ilikuwa shuleni.

Darasa la tano nilikuwa nimehamishiwa shule ya kijiji kingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na huko watoto wengi hawakujua kwetu. Mtoto mgeni darasani ni lazima awe na kitu. Wengine walikuwa na baba mwenye duka, mwingine kaka yake anafanya kazi reli. Mimi nilikuwa na baba mdogo askari, na askari peke yake niliona haitoshi, nikamtia kwenye mizinga. Niliwaambia anapiga mzinga mkubwa kuliko darasa letu, kwamba amekuwa kiziwi sikio moja kwa sababu ya mlio. Mwalimu wa darasa alisikia akanisifu mbele ya wenzangu, akasema taifa linahitaji watu kama hao. Nilitembea wiki nzima nimeinua shingo.

Siku ya shamba la shule tulikuwa tunabeba chakula kutoka nyumbani, kwa sababu tunalima mpaka alasiri. Mimi asubuhi ile nilichelewa kuamka, nikaondoka mbio bila chakula. Basi tumekaa darasani tukisubiri kengele ya kwenda shambani, mlango ukagongwa, nikaona masikio yale. Alikuwa amevaa shati la kazi la bibi, lile lenye madoa ya kahawa, suruali imekunjwa mpaka magotini kwa umande, na mkononi ana bakuli limefungwa kwa kitambaa. Saa moja na nusu alikuwa ametembea. Mwalimu akamuuliza ni nani, akataja jina langu, akasema yeye ni baba yangu mdogo, ameniletea chakula. Mwalimu akafurahi sana. Akamvuta mkono mpaka mbele ya darasa. "Kumbe ndiye wewe. Yule wa mizinga."

Baba mdogo akacheka. "Mizinga? Labda ya nyuki, mwalimu. Mimi ni mpishi. Nawasongea askari ugali."

Darasa zima liliangua kicheko. Si kicheko kibaya sana, ukifikiri leo. Watoto walicheka kwa sababu alichekesha. Lakini msichana niliyekaa naye dawati moja aligeuka akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe anasonga ugali," na nyuma mvulana mmoja akaanza kuzungusha mikono hewani kama mtu ameshika mwiko. Mwalimu naye alikuwa ameacha kutabasamu, ananiangalia mimi. Nikasimama.

Nikasema, "Huyo siye, mwalimu. Baba yangu mdogo yuko kambini. Huyu ni kibarua wetu wa kahawa, anapenda utani."

Mwalimu akamgeukia. Na baba mdogo alinitazama, si kwa muda mrefu, kiasi cha mtu anayeonja mchuzi, halafu akalegeza mabega kama vibarua wanavyosimama mbele ya watu wakubwa. Alijua namna ya kusimama hivyo kwa sababu alikuwa ameishi nao tangu utotoni. Akasema, "Samahani, mwalimu. Nilikuwa natania. Mimi ni kibarua." Akaliweka bakuli dirishani. Akaniambia mimi, kwa Kiswahili cha mtu asiye ndugu, "Bibi yako amesema ule kikiwa moto." Akatoka.

Nilikula. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, nadhani. Mchana chini ya mti wa shambani nilifungua kitambaa, kulikuwa na viazi na maharage, vilikuwa bado na joto, na nilikula vyote na kulamba bakuli.

Jioni nilirudi nikiogopa kipigo. Baba mdogo alikuwa jikoni kama kawaida, akanipa kiganja cha mchuzi, akaniuliza imekosa nini. Nikasema haijakosa kitu. Bibi hakuambiwa chochote, na baba mdogo alikuwa na siku nne za likizo zilizobaki, akazimaliza kwa kurekebisha vichanja na kupika. Siku ya kuondoka tulitakiwa wote kumsindikiza mpaka barabara kuu. Mimi nikasema tumbo linauma. Alikuja mlangoni na begi lake akaniambia, "Ukiulizwa juu yangu, sema unavyotaka. Mimi sina neno." Nilikuwa nimejifunika blanketi, sikutoa uso. Nilisikia viatu vyake vinashuka njiani, nikasikia bibi anamwita arudi achukue mahindi ya kuchemsha aliyoyasahau, nikamsikia anarudi, na hata hapo sikutoa uso.

Vita ilipotangazwa ilikuwa msimu wa masuku, yale matunda ya mwituni, watoto tumetawanyika porini tunaokota. Tulirudi na vikapu tukakuta watu wazima wamezunguka redio ya jirani yetu. Tangu siku ile jioni hazikuwa za kawaida. Bibi asiyejua Kiswahili alikuwa anakwenda kukaa mbele ya redio ya jirani, anasikiliza asichokielewa, akirudi ananiuliza, "Wamemtaja?" Shuleni tuliimba nyimbo, tulichanga mahindi na kuku kwa ajili ya askari, na mimi, mwenye baba mdogo wa mizinga aliyeko kambini, nilipewa nafasi ya kusimama mbele. Nikasimama. Hakuna aliyekumbuka kibarua.

Taarifa ya kifo ilikuja katikati ya mvua, kwa karatasi, mkononi mwa mwenyekiti wa kijiji aliyevua kofia kabla hajafika uani. Mwili haukuja. Walimzika huko huko alikokufa pamoja na wenzake, tuliambiwa. Bibi alitandika kitanda cha mwanawe akalaza juu yake shati lake la kanisani na suruali yake, watu wakakaa matanga kuzunguka nguo. Baba alikuja kutoka Ndalambo. Mkewe hakuweza, alikuwa na mtoto mchanga, msichana. Huyo ndiye aliyenipigia simu juzi.

Matanga yalikuwa yameisha, baba ameondoka, watu wote wako mashambani wanapalilia, siku aliyokuja yule askari. Tulikuwa mimi na bibi tu nyumbani, mimi nina homa. Alikuwa mtu wa pwani, mweusi tii, mpole, mkono mmoja umefungwa bendeji, amesafiri njia nzima hiyo ili kumwona mama wa mwenzake. Akavua viatu. Akakaa chini badala ya kwenye kiti. Bibi akaniita nije kutafsiri, nikaja nimejifunga blanketi nikakaa katikati yao.

Akasema, "Mama, mwanao alikuwa mpishi wa kikosi chetu. Nimekuja kwa sababu ya siku ile. Vijana wa mbele walikuwa hawajala tangu jana yake, gari la chakula limekwama kwenye tope. Mwanao akasema hawezi kukaa na chakula kinapoa wakati watu wana njaa. Akabeba ndoo mbili, moja ya wali, moja ya maharage, akaenda kwa miguu. Bunduki aliiacha jikoni, mama, maana mikono yote ilikuwa imeshika ndoo. Alifika. Aligawa ndoo ya kwanza ikaisha. Kombora lilianguka ameinama anachota ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli langu nasubiri."

Bibi akanigeukia. Uso wake ule, Mungu wangu. Alikuwa ananitazama mdomoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nikitaka kujipendelea nasema nilikuwa mtoto, nilitaka kumlipa baba mdogo, nimpe ule mzinga niliokuwa nimemwahidi kwa watu. Nikisema ukweli, niliogopa. Niliona habari ile inatoka pale uani inakwenda kanisani, kisimani, inavuka mto inafika shuleni, wote wanajua kwamba alikuwa mpishi, kwamba yule wa bakuli ndiye yeye, na kwamba mimi nilimkana. Nikamwambia bibi kwa Kinyiha, "Anasema walimwondoa jikoni wakampa bunduki kwa sababu ya nguvu zake. Anasema aliwatangulia wenzake. Alianguka bunduki ikiwa mkononi."

Bibi akafumba macho. Kisha akanyoosha mgongo, uso ukamfunguka, akamshika yule askari mkono wake mzima akawa anaupapasa. Yule askari machozi yakamtoka. Akaniambia, "Nashukuru mama ameelewa." Halafu akanitazama vizuri mimi, akasema, "Alikuwa anatueleza ana mtoto wa kaka yake nyumbani, mkono wake wa chumvi hauna kosa. Nadhani ni wewe." Bibi akauliza, "Anasema nini tena?" Nikamjibu, "Anasema pole."

Alikula kwetu ugali, akalala, asubuhi akaondoka. Sikumwona tena, na jina lake sikulishika.

Kufikia Jumapili habari ya bunduki ilikuwa kanisani. Bibi aliisimulia yeye mwenyewe, mtu asiyependa kusimama mbele za watu. Majirani wakaja upya kumpa mkono. Mkwewe wa Ndalambo alipelekewa habari hiyo na akamnyonyesha mtoto wake kwa habari hiyo. Na kila aliyetaka kusikia zaidi aliletwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesikia kutoka kwa askari, nami nikaongeza. Nikamwekea sauti nzito ya kuamrisha. Nikamwekea maneno ya mwisho. Mwaka baada ya mwaka nilipata ufundi, mpaka watu wakawa wanalia mahali pale pale. Bibi alikufa nikiwa binti mkubwa, na siku zake za mwisho alikuwa anazungumza na mwanawe wa bunduki. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa na nafasi, chumba hakina mtu, nikanyamaza.

Basi siku hiyo niliyopanda kijijini nikamkuta mdogo wangu makaburini, amekaa juu ya matofali, fundi anakoroga zege. Kaburi la baba yake halina mtu ndani, ni msalaba tu waliouweka pembeni ya la bibi, na sasa yanajengewa yote pamoja, yawekwe vigae. Ana nywele nyeupe kuliko mimi huyu. Ana umri ambao baba yake angeshtuka kuuona. Akainuka kunipokea mkoba akasema, "Shikamoo dada. Ungetuma tu ujumbe, ungejisumbua nini na miguu yako?"

Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, tangu masikio na bakuli mpaka ndoo mbili. Sikujipunguzia. Neno la kibarua nililisema mbele yake kama nilivyolisema siku ile, na fundi akaacha kukoroga kisha akaona aibu akaendelea. Nilitegemea anipige kofi, na ningelipokea. Hakunipiga. Alikuwa anaangalia msalaba. Akasema, polepole, "Kwa hiyo dada, miaka yote hii nimekuwa namlilia mtu mwingine."

Nikavuta tofali nikakaa karibu naye.

Fundi akauliza sasa aandike yapi. Mdogo wangu akamwambia, "Andika jina tu, fundi. Mengine bado hatujayajua." Halafu akanisogelea, akanishika goti, hana hasira, na hilo lilinivunja kuliko kofi. Akasema, "Basi niambie alivyokuwa yeye. Umebaki wewe peke yako uliyekula chakula chake."

Nikamwambia habari za maharage, za jani la mgomba, za kiganja cha mchuzi. Nikamwambia alivyokuwa anacheka kabla hajamaliza kusema. Alikuwa ananisikiliza kama mtoto, mdomo wazi kidogo, na nilipomaliza akauliza jambo dogo sana. "Na sauti yake? Alikuwa na sauti ya namna gani?"

Nikafungua mdomo nimwigizie. Nilikuwa na hakika ninayo. Ikatoka ile nzito ya kuamrisha, ile niliyomtengenezea mimi kwa ajili ya watu, na nilipojaribu mara ya pili ikatoka hiyo hiyo. Nikajaribu "Imekosa nini?" Nikajaribu "Mimi ni kibarua." Mdogo wangu alikaa akisubiri. Nikamwambia anipe dakika moja, nimeisahau kidogo, itarudi. Zege lilikauka, fundi akafunga vifaa vyake akatuaga, na tulikuwa bado tumekaa pale.